Deming, shanga nyekundu na tabia ya kutafuta mchawi kazini

Ukimtaja W. Edwards Deming kwa watu waliosoma mambo ya biashara wengi watakwambia aah, yule mzee wa Kimarekani aliyewafundisha Wajapani ubora, na stori inaishia hapo. Mimi nimemsoma kwa muda mrefu sasa na kila nikirudi kwake naona tumembeba nusunusu, tumechukua ile sehemu nyepesi ya ubora na chati na mafunzo, ile inayouma tumeiacha palepale alipoiacha yeye. Na inayouma ni hii: Deming aliamini kabisa, na hesabu za kuonyesha alikuwa nazo, kwamba matokeo mengi tunayomsifia au kumlaumu mfanyakazi mmoja mmoja hayatoki kwake, yanatoka kwenye mfumo aliowekwa afanyie kazi, na mwenye mamlaka ya kuubadilisha mfumo huo ni menejimenti. Kwa hiyo bosi akimwita mtu ofisini kumkaripia, mara nyingi anamkaripia kwa kazi ambayo ilikuwa ya bosi mwenyewe kuirekebisha.

Mawazo haya hayakuanzia darasa la biashara. Deming alizaliwa 14 Oktoba 1900 Sioux City, jimbo la Iowa, akakulia Wyoming kwenye familia ambayo pesa ilikuwa ya shida, mama yake akifundisha muziki (na muziki haukumtoka, uzeeni alikuwa bado anatunga nyimbo za kanisani). Alisoma uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Wyoming akamaliza 1921, akaendelea Colorado, halafu Yale alikopata udaktari wa fizikia ya kihisabati mwaka 1928. Ni mtu wa hesabu huyu, na hiyo ni muhimu kwa sababu alipokuja kuwaambia mabosi wakubwa kwamba wanawaonea watu alikuwa haongei kwa huruma tu, alikuwa anasoma namba.

Akiwa mwanafunzi, mwaka 1925 na 1926, alifanya kazi za likizo kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric pale Chicago. Kiwanda kikubwa cha vifaa vya simu, makumi ya maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wanalipwa kwa kipande. Alikuwa anasimulia kwamba alipofika alionywa asije akakutwa kwenye ngazi kengele ya kutoka ikilia maana atakanyagwa. Hebu fikiria hapo. Watu wanaikimbia kazi kiasi kwamba ni hatari kusimama njiani! Miaka mingi baadaye alipoandika kwamba menejimenti imewanyang'anya watu haki ya kujivunia kazi ya mikono yao, mimi naamini picha ya zile ngazi ilikuwa bado ipo kichwani kwake.

Mtu aliyembadilisha kabisa lakini ni Walter Shewhart, mwanafizikia wa upande wa maabara za utafiti za kampuni ya simu ya Bell. Mwaka 1924 Shewhart aliandika memo fupi yenye mchoro mmoja, na ule mchoro ndio chati tunayoijua leo ya kudhibiti ubora. Wazo lenyewe ni hivi. Kazi yoyote ile, kuchonga chuma, kujibu simu za wateja, kuandaa mishahara, haiwezi kutoa matokeo yaleyale kila siku, lazima yapande na kushuka. Kupanda na kushuka kwingine ni kwa kawaida tu, kunatokana na vitu vidogo vingi vilivyochanganyika, malighafi ya leo, joto la chumba, mashine, jinsi watu walivyofundishwa, fomu ilivyopangwa, na huwezi kukamata kimoja ukasema wewe ndiye mwenye kosa. Kwingine kuna sababu maalumu, kisu cha mashine kimekatika, shehena moja imekuja mbovu, mtu amewekwa kazini bila kuonyeshwa chochote. Shewhart akatoa hesabu ya kuchora mistari miwili, mmoja juu ya wastani na mwingine chini, ukitumia data ya kazi yenyewe. Namba zikicheza ndani ya mistari bila mpangilio wa ajabu, hiyo ndiyo sauti ya mfumo, ukitaka mabadiliko badilisha mfumo. Namba ikitoka nje, nenda haraka katafute kilichotokea.

Inaonekana kitu kidogo lakini kaa nayo. Maana yake ni kwamba kuna makosa ya aina mbili na bosi anaweza kuyafanya yote kwa siku moja: la kwanza kutafuta mchawi pale ambapo mchawi hayupo, la pili kuona jambo la kweli ukalipita ukidhani ni kawaida. La kwanza ndilo limejaa maofisini, mauzo yameshuka asilimia tatu kikao kinaitwa, yamepanda asilimia nne mtu anapongezwa, mwezi unaofuata yameshuka tena kikao kingine, na wakati wote huo namba zilikuwa zinatembea ndani ya mistari yake ileile, hakuna jipya lililotokea!

Deming alimpeleka Shewhart mahali ambapo Shewhart mwenyewe hakufika, yaani nje ya kiwanda. Alifanya kazi Wizara ya Kilimo ya Marekani, kisha 1939 akaenda ofisi ya sensa, na sensa ya 1940 ndiyo ya kwanza Marekani kutumia sampuli, baadhi ya maswali yakaulizwa kwa asilimia 5 tu ya watu. Kwenye ukumbi wa kutoboa kadi za sensa walitumia hesabu hizihizi, karani ambaye makosa yake yameshakuwa machache na yametulia hakaguliwi kadi moja moja tena, anakaguliwa kwa sampuli, ukaguzi unapungua na kazi inakwenda. Wakati wa vita kuu ya pili mbinu hizi zikafundishwa kwa maelfu ya wahandisi wa viwanda vya Marekani. Vita ikaisha, dunia nzima ina njaa ya bidhaa, chochote ukitengeneza kinanunuliwa, viwanda vikaona chati ni kupoteza muda vikaziweka pembeni. Deming alikuja kusema kosa lilikuwa kuwafundisha wahandisi bila kuwafundisha wakubwa wao, na hilo hakulirudia.

Japani alienda mara ya kwanza 1947 kwa mambo ya sensa. Mwaka 1950 akaalikwa na JUSE, umoja wa wanasayansi na wahandisi wa Japani, aje kufundisha takwimu za ubora, na safari hii akataka akutane na wenye viwanda wenyewe. Ichiro Ishikawa, aliyekuwa na sauti kubwa kwa wenye viwanda, akawaita, na Julai 1950 Deming akakaa na wakubwa wa kampuni kubwa za Japani hapo Tokyo. Wakati huo bidhaa ya Kijapani sokoni ilimaanisha kitu rahisi kinachoharibika kesho. Yeye akawaambia ndani ya miaka mitano nchi nyingine zitaanza kuwaogopa sokoni, na baadaye alisema pale chumbani aliyeamini hilo alikuwa yeye peke yake. Akawachorea mchoro ambao naupenda kuliko maandishi yake yote, kiwanda kimechorwa kama mto, malighafi inaingia kutoka kwa wasambazaji, inapita hatua kwa hatua, inamfika mteja, na kutoka kwa mteja mshale unarudi mwanzo kwenda kwenye usanifu. Hakuna visanduku vya vyeo. Hakuna nani anaripoti kwa nani. Mteja yumo ndani ya kiwanda, na msambazaji naye yumo.

Pesa ya kuchapisha mihadhara yake aliikataa, JUSE wakaitumia kuanzisha Tuzo ya Deming mwaka 1951, tuzo ambayo Toyota waliipata 1965. Mwaka 1960 serikali ya Japani ikampa nishani kwa jina la mfalme. Ila hapa niseme kitu maana watu wanazidisha chumvi: sio kweli kwamba mtu mmoja alishuka na ndege akaiokoa Japani. Wapo Wajapani waliokuwa wameanza kusoma takwimu kabla hajafika, Joseph Juran, Mmarekani mwingine wa mambo ya ubora, alifika 1954 na mchango wake ni mkubwa sana, na walioamka kila asubuhi kuboresha kazi ni Wajapani wenyewe. Kwangu hilo halimpunguzii kitu Deming, linaenda sambamba na alichofundisha, kwamba usichukue matokeo ya mfumo mzima ukayabandika jina la mtu mmoja.

Nyumbani kwao hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Miaka thelathini hivi aliishi Washington akifanya kazi zake kutoka ofisi ya chini ya nyumba yake, akifundisha takwimu chuoni, mzee wa maisha ya kubana matumizi kiasi kwamba mayai kwenye friji aliyaandika tarehe kwa kalamu ili ya zamani yaliwe kwanza. Halafu tarehe 24 Juni 1980 televisheni ya NBC ikarusha kipindi kinachouliza kwa nini Japani wanaweza na Marekani inashindwa, mtayarishaji Clare Crawford-Mason alikuwa amemkuta mzee huyu hapohapo mjini, na kuanzia kesho yake simu hazikukoma. Alikuwa na miaka 79.

Ford walimwita. Mwaka 1980 peke yake kampuni ile ilikuwa imepata hasara ya dola bilioni 1.5, walikuwa hoi, na walitegemea aje kuongea juu ya ubora wa magari, yeye akaanza kuwauliza juu ya menejimenti. Kuna mfano wa Ford wa miaka ile ambao ndio unaonyesha vizuri kuliko maelezo. Walikuwa na giaboksi ya aina moja inayotengenezwa sehemu mbili, kiwanda chao Marekani na kwa Mazda Japani, michoro ileile, vipimo vilevile. Wateja waliopata za Mazda walilalamika kidogo sana. Ford wakazifungua zote wakapima kipande kimoja kimoja, wakakuta za kwao zote ziko ndani ya vipimo vinavyoruhusiwa, hakuna hata moja ya kukataliwa kwenye ukaguzi! Tofauti ni kwamba za Mazda vipande vilikaribiana mno, kimoja kama kingine, wakati za Ford zilitawanyika kutoka ukingo mmoja wa kipimo hadi mwingine. Mkaguzi angepitisha zote mbili. Sasa hapo utamlaumu mfanyakazi gani? Kila mmoja alifanya alichoambiwa, akapimwa, akafaulu. Kilichotofautiana ni kwamba sehemu moja wakubwa wao waliamua "ndani ya kipimo" haitoshi wakaendelea kupunguza mtawanyiko miaka na miaka, sehemu nyingine wakategemea mkaguzi wa mwisho wa mstari. Donald Petersen aliyekuwa mkubwa wa Ford alimsikiliza Deming kweli, na mwaka 1986 faida ya Ford ikapita ya General Motors, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu miaka ya 1920.

Sasa nifike kwenye shanga, maana hapa ndipo penyewe. Kwenye semina zake za siku nne Deming alikuwa anaita watu sita kutoka kwenye hadhira wawe wafanyakazi, wengine wawe wakaguzi na karani wa kuandika, yeye mwenyewe anakuwa msimamizi. Mezani kuna chombo chenye shanga 4,000, nyeupe 3,200 na nyekundu 800. Mteja anataka nyeupe tu. Kila mfanyakazi anapewa kibao chenye vishimo 50, anakichovya kwenye shanga kwa namna iliyoelekezwa hatua kwa hatua bila kubadilisha kitu, anakitoa kimejaa, wakaguzi wanahesabu nyekundu. Hiyo ndiyo kazi ya siku.

Na msimamizi anakuwa mkali. Aliyetoa nyekundu sita anasifiwa mbele ya wote, mwangalieni huyu, kama yeye anaweza kwa nini nyie mshindwe. Aliyetoa kumi na nne anaonywa. Siku ya pili yule wa nyekundu sita anatoa kumi na moja, msimamizi anasikitika, tumekupa bonasi ukabweteka. Yule wa nyekundu kumi na nne anatoa nane, basi onyo limefanya kazi! Mabango yanatajwa, malengo yanatangazwa. Siku ya tatu ikiisha hali mbaya, menejimenti inatangaza kiwanda kitabaki wazi kwa kutumia wale watatu bora tu, wafanye zamu mbili mbili, na siku ya nne watatu bora wanatoa nyekundu kama kawaida.

Ukipiga hesabu unaona kwa nini. Shanga moja kati ya tano ni nyekundu, kwa hiyo kwenye 50 utegemee kumi hivi, na kwa kawaida ya mfumo huo mtu anaweza kutoa kuanzia mbili hadi kumi na nane bila kuwa amefanya lolote tofauti na mwenzake. Wote sita wamo humo. Bonasi, onyo, kufukuzwa, vyote vimegawiwa kwa bahati, na waliokaa kwenye vile viti wamesimulia kwamba hata wakijua ni mchezo walikuwa wanapata aibu ya kweli wakikaripiwa na fahari ya kweli wakisifiwa. Hicho ndicho kinanishika mimi. Mtu anaweza kuumia kwa kitu ambacho anajua kabisa hakukisababisha, je yule asiyejua?

Nimewahi kufanya kazi sehemu ambapo majina yalibandikwa kila mwezi kwa mpangilio, wa kwanza hadi wa mwisho. Aliyeongoza mwezi huu mwezi ujao utamkuta katikati, na kila mara kulikuwa na maelezo tayari, huyu amelewa sifa, yule ameamka. Hakuna aliyeuliza kwa nini wateja wagumu walikuwa wanagawiwa bila utaratibu, wala kwa nini fomu moja ilihitaji saini za watu watatu ambao hawakai ofisi moja. Dada mmoja mchapakazi kweli aliacha kazi kwa sababu ya ile karatasi, na namba zake nilizokuwa naziona zilikuwa zinapanda na kushuka kama za wenzake wote.

Ndiyo maana Deming kwenye kitabu chake cha 1986 aliiweka tathmini ya mwaka ya mfanyakazi kwenye orodha ya magonjwa yanayoua kampuni. Alisema inajenga woga, inaua kufanya kazi kwa pamoja, inamfanya mtu aangalie alama zake badala ya kazi. Katika hoja 14 alizowaandikia mameneja anasema ondoa woga, ondoa kaulimbiu za ukutani, ondoa idadi ya lazima, usinunue kwa kuangalia bei tu, ubora usiuwekee mategemeo kwenye ukaguzi. Makadirio yake mwenyewe yalikuwa kwamba asilimia 94 ya matatizo na ya nafasi za kuboresha ni mali ya mfumo, asilimia 6 ndiyo sababu maalumu. Ni makadirio ya mzoefu, usiyachukue kama kipimo cha maabara, lakini hata ukiyapunguza hadi nusu bado ofisi nyingi zinaendeshwa kinyume.

Na kinachonikera ni kuona akiwekewa mdomoni maneno yaliyo kinyume chake. Ile kauli kwamba usichoweza kukipima huwezi kukisimamia inazunguka mitandaoni ikiwa na jina lake na picha yake. Alichoandika ni kwamba kudhani hivyo ni makosa na ni imani inayogharimu sana! Mtu wa takwimu maisha yake yote ndiye aliyesema mambo makubwa kabisa kwenye kampuni, kama hasara ya mteja aliyeondoka na hasira au faida ya mafunzo mazuri, hayana namba, na bado lazima uyasimamie.

Miaka ileile akizunguka na shanga zake, General Electric chini ya Jack Welch ilikuwa inajijengea sifa kwa kuwapanga watu, asilimia 20 wa juu, 70 wa kati, 10 wa chini ambao waondoke. Dunia ya biashara ilimshangilia Welch, kampuni zikaiga. Microsoft walikuwa na upangaji wa aina hiyo hadi 2013 walipoamua kuuacha. Ukikata asilimia 10 ya wachovyaji wa shanga kila mwaka unapata wachovyaji wapya, chombo kimebaki kilekile.

Swali ninaloulizwa sana nikiongelea haya ni je wavivu hawapo? Wapo, na Deming hakukataa. Kwenye chati mtu akitoka nje ya mistari, upande mbaya au mzuri, huyo ni wa kumwangalia peke yake, na kitu cha kwanza ni kwenda kujua kilichompata, kama anaumwa, kama hakufundishwa, kama macho yake hayaoni vizuri, au kama aliwekwa kazi isiyo yake. Aliyetoka upande mzuri pia nenda kamwangalie, huenda ana njia ambayo wote wangefaidika nayo. Ila wale walio ndani ya mistari kuwapanga wa kwanza hadi wa mwisho ni kuwaonea, na hapo hakulegeza hata kidogo.

Alipoacha pengo kwa maoni yangu ni kwenye mishahara. Akikwambia ondoa malipo ya kulingana na alama, meneja anayerudi kazini anataka kujua basi alipe vipi na ampandishe nani cheo, na majibu ya Deming hapo ni mafupi kuliko ukubwa wa swali. Pia alikuwa anawakaripia wakubwa waziwazi ukumbini, na nadhani baadhi walitoka na hasira kuliko somo. Ubora ukaja kuwa fasheni miaka ya themanini na tisini, kampuni zikaweka idara za ubora, vyeti na sherehe, mwenyewe hakupenda hata jina waliloupa, na mwaka 1993 alipofariki Washington tarehe 20 Desemba, baada ya kuwa kwenye semina mwaka huohuo akiwa na miaka 93, tathmini za mwisho wa mwaka zilikuwa zinajazwa kama kawaida.

Kama wewe unasimamia watu na huna mamlaka ya kufuta tathmini, kuna kipande ambacho hakihitaji ruhusa ya mtu. Chukua namba za timu yako za miaka miwili iliyopita, mwezi kwa mwezi, zipange kwenye mstari kwa mfuatano wa tarehe, piga wastani, weka mistari miwili ya Shewhart, hesabu yake ni ya shule ya sekondari. Halafu kabla hujamwita mtu kumuuliza kwa nini mwezi huu umeshuka angalia nukta yake imekaa wapi. Ikiwa ndani, kikao chako kiwe cha kuuliza timu nzima ni kitu gani kinawakwamisha kila siku, na uwe tayari kwamba orodha watakayokupa karibu yote itakuwa ya vitu ambavyo ni wewe au bosi wako ndiye mwenye uwezo wa kuviondoa.